Goti Lisilo na Jina

Pikipiki ya mkwe wangu Edilberto ilianza kuvuja oili kwenye shokapu moja ya mbele tangu Kwaresima. Kila asubuhi aliipangusa kwa kitambaa akasema imetoka jasho tu. Mwanaume mzima na ndevu zake! Kazi yake ni kubeba abiria hapa Caño Hondo, kwa hiyo nusu ya kijiji ilikuwa inapakizwa juu ya jasho hilo bila kujua.

Oili ilishuka pole pole mpaka ikafika kwenye diski ya breki. Jumapili moja, akinirudisha kutoka misa, alikamata breki mbele ya meza ya Delfa, muuza vyakula wa barabarani, na pikipiki haikuona sababu ya kusimama. Tuliingia mezani. Bollo zote za mahindi ambazo Delfa alikuwa amezifunga kwa majani tangu alfajiri zilitawanyika barabarani, na Delfa akatutukana kuanzia sisi mpaka babu zetu. Mimi nilibaki nimekaa wima kwenye kiti, mkoba mkononi, bollo moja mapajani. Viatu vyangu vyeupe vya misa vilikuwa vimeloa oili mpaka kwenye vifundo.

"Edilberto," nikamwambia, "Alhamisi nakwenda Sincelejo kwa daktari wa mifupa. Siku hiyo nimeingoja miezi minane. Hili dude lako lisipokauka, sipandi."

"Lakini niña Uba, ni jasho tu hilo."

"Jasho gani linateleza hivyo? Limemtoka nani?"

Pwani yetu hii mwanamke huitwa niña, yaani msichana, hata akiwa na miaka sabini na mmoja kama mimi, na sijawahi kulalamika. Edilberto huniita hivyo siku za kawaida. Akiniita mama, najua kuna kitu kimevunjika.

Sasa nieleze habari ya goti, maana bila goti nisingekuwa na haja ya kusumbuana na pikipiki ya mtu. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu wa kukanyagia ni wa kulia. Tangu goti la kulia lilipoanza kuuma, cherehani imefunikwa shuka pembeni mwa sebule, na nyumba imekuwa kimya kiasi kwamba nasikia friji inavyopumua. Nilikuwa sina hamu ya kula, nakwambia kweli. Daktari wa zahanati alilibonyeza goti kwa kidole kimoja akasema ni uzee. Nikamweleza habari ya sindano, akatabasamu lile tabasamu wanalotupa vikongwe.

Sindano ni hii. Mwaka 1974 nilipiga magoti sakafuni kupinda pindo la gauni la harusi la Rosmira Paternina, nikapigia goti sindano, ikavunjika. Nusu niliipata. Nusu imo humu ndani. Marehemu mume wangu alisema hiyo nusu nyingine ilipotelea kwenye ufa wa sakafu, na akaenda kaburini na msimamo huo. Binti yangu Nayibe nikifika tu kwenye jina la Rosmira huinuka kutoa vyombo. Edilberto yeye hula, macho kwenye sahani, na sijui kama anasikia au anatafuna.

Picha ya eksirei ilikuwa kwenye bahasha kubwa ya kaki nyuma ya kabati. Aliyeipiga aliniambia nimpelekee daktari wa mifupa kama ilivyo, nami sikuifungua. Kutazama mifupa yangu kabla sijafa niliona ni haraka isiyo na maana.

Jumatatu Edilberto alirudi kutoka kona wanakokaa wenzake kungoja abiria, kichwa kimejaa elimu.

"Niña Uba, hakuna haja ya kufungua kitu. Kuna pete ya mpira mle inaitwa sili, ndiyo inazuia oili isitoke. Mchanga umeingia pale. Unapitisha kitu chembamba, laini lakini kigumu, unazungusha, mchanga unatoka. Kwisha!"

"Kitu gani hicho laini lakini kigumu?"

"Ndiyo natafuta."

Nikamsikia akipekua jikoni, akipekua droo, kisha kukawa kimya. Alipotokea uani alikuwa na ukanda mweusi unaong'aa, na alikuwa amenipa mgongo. Alikaa pale saa nzima akizungusha na kupuliza. Halafu akaja barazani akipangusa mikono.

"Mama, nikuletee kahawa?"

Nikashtuka. Nikainuka na fimbo yangu nikahesabu glasi, nikatazama sanamu ya Bikira, nikatazama redio. Vyote vilikuwa vizima. Nikamwomba Mungu msamaha kwa kumshuku mtu wa watu.

Jumanne asubuhi pikipiki iliyokuwa ikivuja shokapu moja ilikuwa inavuja zote mbili.

Nayibe alikwenda mwenyewe mjini kununua sili mpya, akazipiga mezani mbele ya mumewe. "Fungua," akasema. "Na ukishindwa kufunga, wewe na hiyo pikipiki mtafute pa kuishi." Binti yangu huyo, nimemlea vizuri.

Basi Jumatano kazi ikaanza. Edilberto aliitungua machela yangu ya kulalia kwenye kulabu za baraza, akafunga kamba kwenye usukani na kuining'iniza pikipiki pua juu, ili gurudumu la mbele litoke. Mimi nilikaa kwenye kiti cha bembea, mguu juu ya kreti la bia, nikasimamia. Hakuniomba nisimamie.

Gurudumu likatoka. Breki akaifunga pembeni kwa waya. Shokapu zikachomoka moja moja, na alipozigeuza juu ya beseni ikamwagika oili nyeusi yenye harufu ya samaki aliyesahaulika.

"Hilo ndilo jasho?" nikauliza.

"Niña Uba, tafadhali."

Akang'oa kifuniko cha vumbi kwa bisibisi, akatoa kiwaya kinachoshikilia sili, akalegeza boliti ya chini. Kilichobaki ni kuvuta. Sili ya zamani haitoki kwa kubembelezwa. Inabidi ushike bomba juu na chini, uvute kwa kishindo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mara ya nne ilitoka yote kwa pamoja, naye akarudi kinyumenyume na bomba mkononi, akakalia ndoo ya mihogo niliyokuwa nimemenya kwa chakula cha mchana. Nilicheka mpaka goti likauma.

"Inuka," nikamwambia, "hiyo mihogo hatuitupi."

Alisafisha kila kitu kwa petroli, akapitisha kidole juu ya bomba kutafuta mikwaruzo, akasugua pale palipokuwa na kutu kidogo. Hapo nilimsifu moyoni, maana mikono yake haikuwa na papara. Kisha akachukua sili mpya, akataka kuivika bomba hivi hivi.

"Simama!" nikapiga kelele.

"Nini tena?"

"Pitisha kidole kwenye ukingo wa hilo bomba. Ni mkali au si mkali?"

"Mkali kidogo."

"Na huo mpira una mdomo mwembamba. Utauchana kabla haujafanya kazi hata siku moja. Mimi nikipitisha kitu chororo penye ncha, nakifunika kwanza. Lete mfuko wa plastiki, uvishe kichwa cha bomba, upake oili, ndiyo uteremshe mpira wako pole pole."

Alinitazama, akatazama mpira, akaenda kuleta mfuko. Sili ikateremka bila kukwaruzwa. Akaigongea mahali pake kwa kipande cha bomba la maji, kuizunguka, kidogo kidogo, mpaka sauti ya nyundo ikabadilika ikawa nzito. Oili mpya aliipima kwa kikombe changu cha dawa ya kikohozi, na safari hii aliomba ruhusa.

Jioni aliikamata breki ya mbele akaisukuma pikipiki chini na juu, chini na juu, mara hamsini. Akapitisha leso nyeupe kwenye mabomba. Leso ikabaki nyeupe. Nikamsalimia Edilberto kwa mkono kama waziri.

Alhamisi tulifika Sincelejo bila kugonga meza ya mtu. Viatu vyangu vilikuwa vyeupe pe. Niliingia kwa daktari nikiwa na bahasha kifuani, Edilberto nyuma yangu na kofia zote mbili za pikipiki. Daktari alikuwa kijana wa Bogotá, mji wa baridi huko milimani, amevaa sweta, maana kiyoyozi chake alikuwa amekiweka pale ambapo angejiona yuko kwao.

Akaitoa picha, akaibandika kwenye sanduku la taa, akainamisha kichwa.

"Bi Ubaldina, nani ameikata hii?"

Kona nzima ya juu haikuwepo. Ilikuwa imekatwa kwa mstari ulionyooka, safi, bila kijino hata kimoja, na mkato ule niliujua. Ni wa mkasi wangu wa vitambaa. Mkasi ambao Nayibe mwenyewe, niliyemzaa, haruhusiwi kukatia hata karatasi!

"Edilberto," nikasema bila kugeuka.

"Mama."

"Ukanda mweusi."

"Mama, palikuwa hapana mfupa pale. Palikuwa peusi tu na maandishi kidogo."

"Maandishi hayo ni jina la mgonjwa na tarehe," daktari akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Bila hayo sijui hili ni goti la nani. Siwezi kumpasua mtu kwa picha ya goti lisilo na jina. Mkapige nyingine, mwombe nafasi upya." Akafungua kompyuta. "Iliyo karibu ni Februari."

Tulikuwa Juni. Nikaiona cherehani chini ya shuka yake mpaka Februari.

Edilberto akachomoa kitu kwenye kofia yake ya pikipiki. Ulikuwa ule ukanda, umekunjika, unanuka oili. Akautandaza mezani. Yaliyosomeka ni DINA na nusu ya nambari. Mengine yalikuwa yamebaki kwenye shokapu. Daktari aliushika kwa ncha za vidole, akaurudisha.

"Samahani, bwana."

"Daktari, ngoja." Edilberto akazitua kofia sakafuni, akasogea kwenye sanduku la taa, akaonyesha kwa kidole chake kilichopasuka kucha. "Unaona hapa chini ya kifuniko cha goti? Kamstari keupe?"

"Ni mkwaruzo wa picha."

"Si mkwaruzo. Ni sindano. Mwaka 1974 huyu mama alikuwa anapinda pindo la gauni la harusi la Rosmira Paternina. Gauni la mikono mirefu, vifungo ishirini na viwili mgongoni. Rosmira hakutaka kusimama tuli, alikuwa anachungulia dirishani kama mchumba anapita. Mama akasogea kwa magoti kumfuata, akapigia sindano, ikavunjika. Sindano namba saba. Nusu yake anayo kwenye kopo la biskuti mpaka leo. Mshike goti, daktari. Kama haimo, basi hili si goti lake, na sisi tutakwenda zetu tungoje Februari."

Nilimtazama mtu huyu. Miaka kumi na miwili amekula mezani kwangu, macho kwenye sahani, nami nikidhani anatafuna.

Daktari alinipandisha kitandani, akaweka dole gumba mahali pale pale penye mstari, akabonyeza. Yowe nililopiga liliwasimamisha waliokuwa kwenye foleni nje. Akabonyeza tena, mara hii taratibu, akahisi kitu kigumu kinamkimbia chini ya ngozi, na uso wake wa Bogotá ukafunguka.

"Mama mtakatifu," akasema. "Imo."

Alisema si uzee. Alisema sindano ilikuwa imetulia miaka yote hiyo, sasa imetembea ikakaa vibaya, na kuitoa ni kazi ndogo. Akafunga ukurasa wa Februari, akaniandikia Jumanne ya wiki iliyofuata.

Kwenye korido nilimsimamisha Edilberto. "Uliionaje?"

"Niliinua picha juani nitafute pa kukata. Nikaiona. Nikasema, kumbe niña Uba anasema kweli siku zote. Nikakata mbali nayo."

"Ukakata jina langu."

"Jina lako Caño Hondo nzima inalijua, mama. Sindano ndiyo ilikuwa shahidi wako pekee."

Nililia pale pale, mbele ya watu wa foleni, wala sikujifunika uso. Nilipomaliza nikamwambia kwamba mkasi wangu akiushika tena namvunja vidole, naye akasema sawa.

Sindano ipo sasa, vipande vyote viwili, kwenye kopo la biskuti, na Nayibe haondoki tena mezani. Wiki ya sita baada ya kupasuliwa nilitoa shuka kwenye cherehani. Kazi ya kwanza niliyoshona ilikuwa mikono miwili ya kitambaa ya kuvika shokapu, yenye lastiki juu na chini, mchanga usifike kwenye sili. Kitambaa kilichokuwepo kilikuwa cha manjano chenye maua mekundu makubwa, kilichobaki kwenye gauni la Delfa. Pale kona wenzake walimcheka Edilberto wiki nzima, wakamuuliza pikipiki yake inaolewa lini.

Akawaambia ni kazi ya mama yake, na hajaivua ile mikono mpaka leo.