Nguzo Iliyoomba Msamaha

Uliliona lile jani. Usiniambie hukuliona. Ulilipita Jumatatu asubuhi, ukainamia simu yako, ukapanda ngazi kwenda ofisini kwako ghorofa ya nne.

Lilikuwa isale, limeota kwenye nguzo ya mapokezi, zege tupu, usawa wa bega. Priska, karani wa mapokezi, alilikuta saa mbili kasoro alipofungua madirisha. Lilikuwa bichi, na tayari limepigwa fundo, kama Mchaga anavyolifunga anapokwenda kuomba msamaha. Priska alifuta vumbi mezani, kisha akampigia mama yake, Hellen.

Hellen alishuka na kosta kutoka Marangu. Jengo hilo la ghorofa sita analijua. Miaka saba iliyopita alilibebea zege kwa ndoo. Siku ya nguzo ile, mhandisi Thadeus aliagiza zege la kupimwa likorogwe pembeni, saruji ya kutosha, likapelekwa maabara. Likafaulu. Nguzo ikapewa mchanga na maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ufa huu chini ya jani umeanza lini?"

Hellen aliingiza kidole. Kilizama hadi kiungo cha pili.

Wapangaji walikusanyika. Mzee Remigius wa ofisi ya bima alilichuma jani kwa mikono miwili.

"Isale halikataliwi," alisema. "Tumesamehe."

Wakaitikia, wakarudi kazini.

"Mmesamehe nini?" Hellen aliiuliza migongo yao. "Vifo vyenu?"

Rukia, muuza chai, alicheka. "Nyie Wachaga mtaangukiwa na ghorofa sita huku mmeshasamehe! Kwetu nguzo ikiongea, tunakimbia."

"Mbona hujakimbia?"

"Nasubiri vikombe vyangu, mama. Viko huko juu."

Thadeus alikuja mchana na ndoo ya plasta. Alimsalimu Hellen kwa adabu, akasema suala limekwisha kimila.

"Isale huletwa na mkosaji," Hellen alimwambia. "La kwako liko wapi?"

"Si jengo limeshaniombea?"

Akaziba ufa, akapaka rangi ya krimu, akaondoka.

Jumanne masale yaliota kwenye nguzo tatu. Jumatano kumi na moja, na moja ni ile iliyo nyuma ya kiti chako. Mafundo yalikuwa yamekazwa zaidi. Remigius alipita na kikapu kila siku saa nne, kabla ya chai, akachuma, akasamehe kwa niaba ya wote. Hakuna aliyeita mkaguzi. Ungemwambia nini mkaguzi, na jambo limeshasamehewa?

Hellen hakurudi Marangu. Alikaa kwenye ngazi za nje, akimwita binti yake kila mlango ulipofunguliwa.

"Priska, twende nyumbani."

"Mama, nikiinuka kwenye kiti hiki, kesho kina mtu mwingine."

Na kweli, vyeti vya waombaji kazi vilikuwa vimejaa kwenye droo.

Leo Alhamisi plasta imedondoka. Mlango wa mapokezi haufungiki tena, fremu imepinda. Masale yanaota haraka kuliko Remigius anavyochuma, na Priska yuko pale pale, anaandikisha wageni.

Wewe uko juu yake, unasoma. Weka karatasi hii chini. Acha mkoba, usingoje lifti. Gonga kila mlango unaoupita, na ukifika mapokezi mshike Priska mkono umvute. Atakataa. Mvute hivyo hivyo, hata akikuuma. Inuka sasa.