Kijiko cha Shosho Jedidah

Kajuju alitoka kwao Kaaga na koti jeupe lililopigwa pasi, na imani moja kubwa: mgonjwa aliyepona ni yule anayejifanyia mambo yake mwenyewe. Darasani walimwambia hivyo, naye akaishika kama amri. Sasa alikuwa mwanafunzi wa mazoezi katika hospitali moja ya Embu, akijifunza kazi ya kuwarudishia wagonjwa shughuli zao za kila siku: kuvaa, kula, kuoga, kupika. Msimamizi wake, Bwana Gitari, alikuwa mtu mpole mwenye swali moja la kukera. Kila mgonjwa akitoka, alimgeukia na kumuuliza, “Ulikuwa unafikiria nini?” Kajuju alilichukia swali hilo. Angefikiria nini tena, kama si mgonjwa apone?

Mgonjwa wa kwanza kuachiwa mikononi mwake alikuwa Shosho Jedidah wa Kiritiri, bibi kizee mjane aliyepooza upande wa kulia kwa kiharusi. Kajuju alimkazania kwelikweli. Alizungushia mpini wa kijiko mpira wa tyubu ya baiskeli ili mkono wa kushoto ukishike vizuri. Akapigilia misumari kwenye ubao ili kiazi kitulie kikimenywa. Haukupita muda, shosho akawa anakula ndengu zake bila kumwaga.

Ila Winfred, mke wa mwanawe, akija kumtazama, kijiko kilianguka. Kilianguka kila mara. Winfred aliguna, akavuta stuli, akamlisha huku akimpa habari za nyumbani: mbuzi aliyezaa, nani kagombana na nani sokoni. Shosho alimeza polepole, kama mtu asiyetaka bakuli liishe.

“Huyu zamani alikuwa anapita tu kwa gate,” shosho alimwambia Kajuju siku moja. “Sasa anakuja, anakaa.”

“Ukijiweza hutamsumbua tena, shosho,” Kajuju alimjibu kwa furaha. Shosho akautazama mlango ambao Winfred huingilia.

Siku ya shosho kwenda nyumbani ndiyo siku ambayo Kajuju alikuwa anapewa alama. Gitari alisimama kando na karatasi zake. Winfred alikuja na leso ya kumfunga mgonjwa kifuani akimlisha. Kijiko kikaanguka, na ndengu zikatapakaa kwenye shuka. Kajuju alihisi uso unawaka kwa aibu.

“Ah, shosho! Usiniangushe. Si jana ulimaliza bakuli lote? Onyesha Winfred.”

“Leo mkono umechoka, daktari.”

“Haujachoka. Jaribu.”

Shosho alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akashika kijiko na kula, tonge baada ya tonge, mpaka bakuli likabaki jeupe.

“Kumbe unaweza, mami,” Winfred alisema, akiikunja leso yake. “Kumbe siku zote ulikuwa unaweza.”

Kajuju alipiga makofi. Hakuna mwingine aliyepiga.

“Ulikuwa unafikiria nini?” Gitari aliuliza walipobaki wawili.

“Ajitegemee, sir.”

Gitari alifungua kinywa, akatazama foleni ya wagonjwa mlangoni, akakifunga. Akatia sahihi.

Baada ya wiki kadhaa walikwenda Kiritiri kumjulia hali. Nyuma ya nyumba ya shosho palikuwa na kaburi bichi, na msalaba wa mbao ambao rangi yake haijakauka vizuri. Winfred aliwapokea amesimama, hakuwakaribisha ndani.

“Mwili umechoka tu, ndivyo madaktari walisema. Mimi nilikuwa namwekea mifuko ya unga na ndengu kwa mlango kila Jumapili nikitoka kanisa. Nilikuwa na hasira. Alinichezea, akanifanya nimlishe kama mtoto. Na si ni nyinyi mlisema anaweza?” Akageukia kaburi. “Hiyo Jumapili nyingine nikaingia, nikamkuta ameshafariki. Alikuwa ameiingiza mifuko yote ndani, ameipanga kando ya kitanda. Hakuna hata mmoja amefungua.”

Kajuju alitaka kumrukia mwanamke yule. Alitafuta neno kali la kumwambia, na maneno yote yaliyomjia yalimfaa yeye mwenyewe.

Winfred aliingia ndani, akarudi na kijiko. Mpira wake ulikuwa mpya vilevile. “Chukueni. Mtampa mwingine.”

Walitembea hadi kwenye gari. Kajuju alilisubiri lile swali, na kwa mara ya kwanza alilitamani. Gitari hakuuliza. Basi akajibu bila kuulizwa.

“Nilikuwa nafikiria alama, sir. Nilitaka unione.”

“Nilikuona,” Gitari alisema. “Na shosho pia nilimwona vile alikuangalia. Nikafikiria foleni.”

Hakusema kwamba kosa halikuwa la Kajuju. Kajuju alingoja aambiwe hivyo njia nzima mpaka Embu, kijiko kikiwa mapajani, na hakuambiwa.