Mtihani wa Pindo

Mimi ni fundi cherehani na sipendi kuharakishwa. Mlijue hilo mapema, maana ndilo lililotaka kunitoa nyumbani kwangu.

Yote yalianza saa nne asubuhi, jua linawaka, watu wanapita. Nilikuwa nafungua kufuli la kibanda changu cha kushonea, ambacho kiko mbele ya nyumba yangu, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa sebuleni. Mtu akaja kwa nyuma, akashika mkoba wangu, akavuta. Na mimi nikavuta. Tulivutana pale mpaka mkanda ukakatika. Yeye akaondoka na mkoba, mimi nikabaki na mkanda na kiwiko kilichochubuka. Mkobani mlikuwa na miwani yangu ya kusomea na nusu mkate. Nilimtukana mpaka alipokata kona, na hadi leo naomba siku moja aivae ile miwani akiwa anashuka ngazi.

Kiwiko kilipona siku ya nne. Aliyekataa kupona ni mwanangu.

Mwanangu huyu wa pekee tunamwita Meneja. Si cheo, ni tabia. Tangu akiwa na miaka sita alikuwa akiwapanga wenzake foleni kabla hawajaanza kucheza. Sasa yuko kampuni ya bima, kazi ambayo mtu anashinda kutwa akiwaza mabaya yatakayowapata wengine. Alifika jioni ile ile na mke wake, hata kuketi hakuketi.

"Mama, unahamia kwetu. Chumba cha nyuma kiko tayari, mkwe wako ameshaweka na mapazia."

"Mapazia kashona nani?"

"Tumenunua madukani."

"Basi ndiyo maana siendi."

"Mama, sitanii! Ungeanguka ukapiga kichwa je? Hapa unaishi peke yako. Kibanda tutampangisha mtu."

Hapo damu ikanichemka. Kibanda kile tulikijenga na marehemu baba yake, ubao kwa ubao. Cherehani iliyomo ndiyo iliyomsomesha huyo huyo anayetaka kumpangisha mtu mwingine humo. Nilipaza sauti. Naye akapaza, maana sauti kanirithi mimi. Ndivyo tulivyo siku zote: tunapigiana kelele mpaka mmoja akaukiwe na koo, kisha tunakula. Mkwe wangu, mwenye akili kuliko sisi wawili, akaenda zake jikoni kuchemsha chai.

Katikati ya zogo nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nitafuga mbwa wa kunilinda!"

Sikuwahi kufuga hata kuku. Lakini neno likishatoka halirudi, na mimi si mtu wa kurudisha maneno. Meneja alinikazia macho, kisha akakata kauli kama watu wa bima wanavyokata: miezi mitatu. Baada ya hapo atakuja aone kwa macho yake. Mtu akinishika na mbwa asifanye kitu, nafungasha bila ubishi. Tukapeana mikono, mkwe akiwa shahidi na birika mkononi.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Sajenti. Huyu ni polisi mstaafu aliyeshika mbwa wa kikosi kwa miaka ishirini na miwili, na ni mteja wangu, kwani tangu astaafu kila mwaka namwongezea suruali kiuno. Nyuma ya nyumba yake ana uwanja wenye ukuta, anafuga na kufundisha. Akanitolea mbwa watatu wa karibu mwaka mmoja.

Mimi nikampenda wa kwanza mara moja. Dume, kifua kipana, meno nje, anabweka mpaka mate yanaruka. "Huyu huyu," nikasema. "Nifungie."

"Subiri, dada," akasema Sajenti. Akachukua sinia la bati, akaliangusha kwenye saruji.

Yule dume wangu alitoweka. Tulimkuta baadaye nyuma ya pipa, akiendelea kubweka kutokea huko. Wa pili aliganda na kutetemeka. Wa tatu alikuwa jike, rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limelala. Naye alishtuka, akaruka nyuma hatua mbili. Kisha akarudi, akalinusa sinia, akalisukuma kwa pua, akanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyeliangusha.

"Umeona?" akasema Sajenti. "Debe tupu haliachi kuvuma. Yule mkali ni mwoga tu, anapiga kelele ili usimkaribie. Huyu anaogopa, lakini anarudi kutazama. Mbwa wa ulinzi si wa kung'ata watu hovyo. Kazi yake ni kusimama kati yako na mtu. Kung'ata ni pale yote mengine yameshindikana."

Lile neno kuhusu wanaopiga kelele sikulipenda, nikajifanya sikulisikia. Nilimchukua jike. Njia nzima alitembea ameshikamana na gauni langu, pua kwenye pindo la chini, basi nikamwita Pindo.

Mafunzo yalikuwa kila siku saa kumi na moja jioni, uwanjani kwa Sajenti. Nilidhani nitakaa kitini nikitazama mbwa akifundishwa. Kumbe mwanafunzi ni mimi.

"Kaa!" nikamwambia Pindo. Hakukaa. "Kaa! Kaa, wewe! Nimesema kaa!"

Pindo alinitazama, akapiga miayo.

"Umemwambia mara ngapi?" akauliza Sajenti.

"Nne. Ana kiburi huyu."

"Hana kiburi. Ukisema mara nne, unamfundisha kungoja ya nne. Na ukipiga kelele kwa kila kitu, siku ya hatari atajuaje kama ni hatari? Sema mara moja. Sauti chini. Kisha nyamaza."

Kunyamaza! Mimi! Wiki mbili nzima nilihangaika na jambo hilo dogo. Nyumbani nilijifunza mbele ya kioo, nikawa nasema "kaa" kwa sauti ya chini huku naona aibu. Siku ya kumi na tano nilisema mara moja, nikafunga mdomo, nikahesabu pumzi zangu. Pindo akakaa. Nilifurahi nikapiga kigelegele, naye akainuka akakimbia. Sajenti alishika kichwa.

Lakini tukaendelea. Alijifunza kukaa, kungoja, kuja, kuacha. Alijifunza kwamba mteja anayeingia kibandani kupimwa ni mtu wa kunuswa mara moja na kuachwa. Kisha Sajenti akaanza kuvaa koti nene la kung'atwa, akawa ananijia kwa vishindo, na Pindo akawa anamkamata mkono na kuning'inia hapo mpaka nimwambie "acha". Meneja alikuwa akija Jumapili na mfupa, "kukagua maendeleo", alisema. Pindo akampenda. Mfupa unasaidia.

Tatizo lilikuwa koti. Lilikuwa limechoka, pamba zinamwagika mikononi. Sajenti hakunidai malipo ya mafunzo, alitaka nimshonee koti jipya.

"Nipe wiki tatu kabla ya mtihani wako mbele ya mwanao," akasema. "Nataka nilianike nje, mbwa wengine walitafune kwanza."

"Kesho linakuwa tayari," nikasema.

Mtu aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi anaijua kesho hiyo. Nilianza vizuri: mablanketi mawili ya zamani, gunia, jinzi za kukatia viraka, tabaka juu ya tabaka. Lakini lilikuwa kubwa, likanilemea, nikawa nashona mkono leo, kesho nashona nguo za harusi ya mtu, keshokutwa narudi kwenye kola. Kila nikikaa nalo, nusu lilikuwa mapajani kwangu na nusu sakafuni chini ya cherehani. Sajenti aliuliza, nikamwambia kesho. Akauliza tena, nikamwambia limebaki pindo tu. Nililimaliza asubuhi ya siku ya mtihani, na kusema kweli lilikuwa kazi nzuri. Hata mfuko wa ndani niliweka.

Saa tisa alasiri Meneja na mkwe wangu wakaketi kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba yangu. Nilikuwa nimevaa gauni langu zuri. Usiku sikulala vizuri, naomba niseme hivyo bila kuficha. Asubuhi nilikuwa nimepita kibandani nikiigusa meza ya kukatia, rafu ya nyuzi, ule ubao ambao marehemu aliupigilia msumari kombo, na niliona waziwazi kwamba nikiondoka hapa nitakuwa mgeni wa mtu mpaka nife.

Sajenti akatokea nyuma ya kibanda ndani ya koti jipya, mikono juu, akinguruma. Alinijia mbio. Nikasema neno la kumtuma Pindo, mara moja, sauti chini, kama nilivyofundishwa.

Pindo alichomoka. Meneja akainuka kitini. Mbwa akaruka, akafika kwenye mkono wa koti, akanusa. Mkia ukaanza kucheza. Akaushika mkono ule kwa adabu, akauvuta chini, na Sajenti, ambaye kiuno chake nimeshakisema, akateleza akakaa chini kwa kishindo. Pindo akapanda mapajani mwake, akajizungusha mara mbili, akalala juu ya koti na kushusha pumzi.

"Dada," akasema Sajenti kutoka chini, "hili koti lilikuwa wapi wiki zote hizi?"

"Chini ya cherehani."

"Na mbwa?"

"Juu ya koti."

Alifumba macho. "Nimeshika mbwa miaka ishirini na miwili. Nimevaa kitanda chake na harufu yako, halafu nangoja aniume."

Mkwe wangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Meneja hakucheka.

"Makubaliano ni makubaliano, Mama."

"Koti ndilo lenye makosa! Mbwa ana kosa gani?"

"Mwizi naye akija na koti zuri je? Mama, mchezo umekwisha. Twende ukafungashe."

"Siendi!"

"Unakwenda!" Akanishika mkono, kiwiko kile kile, akavuta. Nami nikavuta. Sauti zetu zikapanda juu ya paa, na kwa mara ya kwanza siku ile niliogopa kweli, kwa sababu nilijua safari hii ana haki.

Pindo sikumwona akija. Nilihisi tu manyoya yakipita magotini kwangu, na mara alikuwa katikati yetu, ubavu wake umenisukuma nyuma, kifua chake kimemwelekea mwanangu. Hakuonyesha meno. Aliutazama mkono wa Meneja ulionishika. Kisha akabweka mara moja tu.

Mwanangu, mleta mifupa wa kila Jumapili, akaniachia. Akarudi hatua moja. Pindo akasogea hatua moja, akabaki hapo, bila kumgusa. Yule mbwa alikuwa anatetemeka mguu wa nyuma. Alikuwa anaogopa, na hakuondoka.

"Sema naye," akanong'ona Sajenti kutoka chini. "Mara moja."

Kelele zote nilizowahi kupiga katika nyumba ile zilikuwa zimejaa kooni. Nikazimeza.

"Kaa."

Pindo akakaa. Na mwanangu, aliyekuwa na kiti nyuma yake, akakaa.

Hakuna aliyecheka. Meneja alijitazama pale kitini, kisha akanitazama mimi.

"Mama," akasema, "sauti hiyo ulikuwa umeificha wapi? Hujawahi kuniambia neno mara moja likatosha."

"Nimefundishwa."

Akainamisha kichwa. "Mimi naogopa, Mama. Simu yoyote ikiita kazini nadhani ni jirani yako ananiita nije kukuokota. Naogopa mchana kutwa."

Miezi mitatu alikuwa akinipigia kelele za vichwa na kuanguka na wezi, na neno hilo hakulisema. Nami sikuwa nimeuliza, nilikuwa na zamu yangu ya kupiga kelele. Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nilimlea kwa makelele, nikalalamika kwamba hasikii.

"Na mimi naogopa," nikamwambia kwa sauti ile ile ya chini. "Yule mwizi alinitisha, sikukwambia. Lakini kile chumba cha nyuma kinanitisha zaidi, mwanangu. Hapa nina kazi. Pale nitakuwa na mapazia."

Meneja akainama pale kitini. Kisha akanyoosha mkono kwa Pindo, kiganja juu, taratibu. Pindo hakuugusa. Aligeuza kichwa akanitazama, sikio moja limesimama na jingine limelala, akingoja nimwambie.

"Sawa," nikasema. Ndipo akamlamba.

"Amefaulu," akasema Meneja. "Kabisa. Lakini utanipigia simu kila asubuhi ukifungua kufuli."

"Nitapiga."

"Jamani," akasema Sajenti, "kuna mtu wa kuniinua?"

Lile koti alilirudisha siku hiyo hiyo, na ndilo kitanda cha Pindo mpaka leo. Jipya anashonewa na fundi wa ng'ambo ya barabara, yule asiyejua hata kuweka zipu. Huu mwezi wa pili anaambiwa kesho. Mkwe wangu aliniletea yale mapazia ya dukani nikayakata upya, maana yalikuwa yameshonwa ovyo.

Na kila siku saa nne asubuhi nafungua kufuli, ubavu wa mbwa kwenye goti langu, simu sikioni.

"Limefunguka, Mama?"

"Limefunguka."

"Haya. Kazi njema."

Tunasema mara moja tu, kisha kila mtu anaendelea na kazi yake.