Ubuyu wa Mahameni

Mwaka wa mahindi ya njano, kovu la Rehani lilifunguka. Lilikuwa kovu la panga, alilojikata muundini ujanani akivuna mkonge huko Korogwe. Lilikuwa limekwisha kupona na kusahauliwa, na asubuhi moja mkewe Mashavu akalikuta limeachama lenyewe, linavuja damu. Alilitazama mpaka maji ya kumwogesha mumewe yakapoa. Kitu alichokifunga Mungu miaka yote hiyo, nani tena amekifungua?

Watu wa Kwemzinga hawakukosa jibu. Watu hawakosi jibu kamwe; wanachokosa ni chakula. Kijiji chenyewe kilikuwa kichanga, nyumba zimepangwa mistari, kila familia imeletwa pale na operesheni ya vijiji, imeacha nyuma miti yake na makaburi yake. Kisha mvua ikagoma. Mchicha ukakauka, kisamvu kikapukutika, na serikali ikaleta mahindi ya msaada kwa lori. Handeni nzima ikawa inakula ugali wa njano kwa chumvi. Basi Rehani alipoanza kutoka damu kwenye fizi, mapaja yakaota mabaka meusi, na mwishowe miguu ikakataa kumbeba, majirani walisema mizimu ya mahameni, kule walikohamishwa, imekasirika kwa kuachwa. Wengine walisema si mizimu, ni mtu, wakaanza kutaja majina.

Mama mkwe wake Mashavu, Bi Hajira, hakusema hili wala lile. Alikuwa na sheria moja, na hiyo aliisimamia kama askari wa lango: mtu anayetoka damu haonjeshwi kitu kichachu. Ndimu, ukwaju, embe bichi, ubuyu, vyote mwiko. Uchachu hukausha damu, na damu ya Rehani ilikuwa inakwenda; ukimkausha na hii iliyobaki, umemzika. Hivyo ndivyo alivyofunzwa na mama yake, naye mama yake na wake.

Mashavu alitii kupita kiasi. Alikuwa mjamzito, na mimba yake haikutaka kitu ila ubuyu. Kila alipopata nafasi alikwenda mahameni kwao kuuokota, akaufunga kwenye pindo la khanga, akamumunya kutwa. Lakini kabla ya kumgusa mumewe alinawa mikono mpaka viwiko, akasukutua kinywa, asije akampelekea uchachu kwa pumzi. Mapenzi gani tena yazidi hayo?

Siku Rehani alipotema jino zima, jeupe, lisilo na hata tundu, Mashavu alikwenda kumwita dresa wa zahanati. Alikuwa Mshambaa wa milimani, jina lake Paulo, mtu wa maneno machache. Akambonyeza mgonjwa fizi, akautazama muundi, akauliza wanakula nini. Alipojibiwa akatikisa kichwa, akamimina vidonge katika kiganja cha Mashavu.

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni, mama. Nilivyo navyo ndivyo hivi. Lori likileta dawa kutoka Korogwe nitakuongezea."

"Na lisipokuja?"

"Mafuta ya magari hayapatikani. Tumwombe Mungu." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Akiachwa hivi, hamalizi mwezi."

Rehani hakuweza kumeza. Mashavu akasaga kidonge kwa kijiko, akalamba vumbi lililobaki ili ajue uchungu wake, maana dawa zote alizowahi kumeza zilikuwa chungu. Ulimi ukamruka. Kilikuwa kichachu! Kichachu kuliko ndimu! Akageuka kutazama mlango kama mwizi. Bi Hajira alikuwa uani, anapepeta. Mashavu alisimama pale na kijiko mkononi, hajui ameshika dawa au sumu. Ndipo Rehani akakohoa, na mto ukaingia doa jekundu. Akamnywesha. Hakumwambia mtu.

Haikupita wiki, damu ya fizi ikakatika. Mabaka ya mapajani yakaanza kufifia. Na lile kovu, jamani, lile kovu! Kila asubuhi Mashavu aliinua kitambaa kwa woga, na kila asubuhi alikuta nyama imesogeleana zaidi, inajishona bila sindano wala uzi, kwa vumbi la kitu kisichofikia ukubwa wa kifungo cha shati. Aliogopa kuliko alivyoogopa ugonjwa. Alisema "Subhanallah" na machozi yakamtoka.

Vidonge vikaisha, na lori halikuja. Rehani alikuwa bado hawezi kusimama. Mashavu akarudi zahanati.

"Bwana dresa, ile dawa mbona chachu?"

"Ndivyo ilivyo. Ni vitamini C. Haikutengenezwa kwa ajabu yoyote, imo katika matunda na mboga mbichi. Kwetu milimani mapera yanaozea njiani, yamejaa hiyo hiyo. Machungwa, malimau, hivyo hivyo. Lakini hapa ukame umemaliza kila kitu." Akamtazama vizuri, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Nyinyi si mnakula chungu kimoja? Hebu fungua kinywa."

Fizi za Mashavu zilikuwa nzima, nyekundu za afya.

"Unakula nini ambacho mwenzako hali?"

Mashavu, kwa haya, akafungua pindo la khanga. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakutuambia kwamba kikuponyacho nacho huweza kukaa hapo hapo. Paulo akachukua punje moja ya ubuyu, akaimumunya polepole. Mti unaosimama mkavu kama umekufa, usioomba maji ya mtu, umejaza dawa katika vibuyu vyake na kuvining'iniza juu ya nchi yenye njaa.

"Usichemshe," alisema dresa mwishowe. "Moto unaiua. Ufikiche katika maji baridi."

Alirudi mbio na tumbo lake lile. Alikuwa anafikicha ubuyu bakulini, maji yameshakuwa meupe mazito, Bi Hajira alipoingia.

"Mwe! Mashavu! Unataka kumkausha mwanangu?"

Mashavu alijua Rehani akifa baada ya kikombe hiki, Handeni yote itamwita muuaji, na mtoto aliye tumboni ataitwa mtoto wa muuaji. Alijua pia akiumwaga, atakuwa amemwacha afe kwa adabu.

"Nisamehe, mama. Nilikuficha. Vile vidonge vilivyofunga kovu ni vichachu kama huu. Ni kitu kimoja."

Bi Hajira alilitazama kovu. Alitazama bakuli.

"Nileteeni," alisema Rehani kutoka kitandani. "Nimechoka kuogopewa."

Akanywa. Akanywa kesho yake, na kesho kutwa. Mashavu alipokuwa akienda mahameni sasa, wanawake wengine walimfuata na vikapu, na waliokuwa wakitaja majina ya watu wakawa wanapanga foleni ya ubuyu. Asubuhi moja Rehani alishika mwimo wa mlango, akainuka, akatoka uani kwa miguu yake. Majirani walikuja kumtazama, wengine wakamgusa miguu ili waamini.

Bi Hajira peke yake hakutoka. Mashavu alimkuta jikoni, amejikunyata, amelishika bakuli tupu.

"Ubuyu umebaki?" aliuliza mama yule.

"Upo, mama. Kwani kuna nani mwingine anayeumwa?"

Bi Hajira akateremsha khanga iliyomziba mdomo, akafungua kinywa. Fizi zilikuwa za zambarau, zimevimba zikafunika meno, na damu imejikusanya pembezoni.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla yake. Damu nilikuwa naimeza. Wangejua kwamba mama mtu naye kinywa kimejaa damu, wangesema ndiye anayemla mwanawe."

Mashavu alipiga magoti. Nyumba moja, chungu kimoja, na mama huyu alikuwa akiinuka kila alfajiri kumkanda mwanawe mabaka, na yeye mwenyewe anayo mwilini, hajalia. Akafungua pindo, akamimina ubuyu wote uliokuwemo, akaufikicha, akamshikia bakuli.

Uchachu ulipompiga, Bi Hajira alifumba macho. Kisha akalishika bakuli kwa mikono yake miwili, akanywa mpaka mwisho.