Njia ya Kwenda kwa Kurumbiza

Shemeji yangu Dudley akiona jani limesimama peke yake, analichukulia ni tusi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza uwanja wa kriketi wa kijiji chetu hapa Sussex, na alipostaafu akaihamishia vita hiyo nyumbani. Kingo za nyasi anazikata kwa mkasi, kapiga magoti, utadhani ananyoa bwana harusi. Dada yangu Avis alimvumilia kwa sharti moja: afyeke atakapo, lakini kichaka cha bondeni asikiguse.

Kichaka chenyewe kiko mwisho wa shamba alilotuachia baba, na ni miiba mitupu. Kimesongamana mpaka chini, hata sungura anaingia kwa kujipinda. Humo ndimo kurumbiza hufikia kila majira ya kuchipua, akitoka huko Afrika Magharibi, ndege mdogo wa rangi ya udongo ambaye ukikutana naye hutageuka kumtazama mara ya pili. Lakini akianza kuimba! Mimi si mtu wa kulialia, ila mbele ya kile kichaka nimelia mara nyingi kuliko makaburini.

Baba alituzoesha tangu tukiwa wadogo. Jioni ya kwanza yenye joto mwezi wa Mei tunachukua chupa ya chai na sandwichi za mayai, tunakwenda kukaa mbele ya miiba, kimya. Atakayemsikia kwanza haoshi vyombo usiku huo. Avis hajapata kuosha vyombo vya Mei tangu nizaliwe, na mimi miaka nenda miaka rudi nasema ni mwongo.

Mwaka huu mapafu yake yaligoma. Alilazwa baada ya Krismasi, na daktari akatuita mimi na Dudley kwenye korido akatuambia kwamba majira ya joto hatayaona. Avis mwenyewe alipoambiwa hakuuliza habari za dawa.

"Mei je?" akauliza. "Mei nitafika?"

Daktari akasema huenda.

"Basi. Nimsikie kurumbiza wangu, halafu mnifanye mnavyotaka."

Mimi nilikuwa nashinda naye hospitalini, na Dudley anakuja jioni. Majuma kadhaa alikuwa anakuja na mikono iliyochanika vibaya. Nilipomuuliza amepigana na paka gani, aliniminyia jicho. "Namwandalia dada yako kitu, Thelma. We nyamaza tu." Nikadhani anajenga njia ya kupandishia kiti cha magurudumu mlangoni.

Mwezi wa Machi, siku moja kabla ya kumrudisha Avis nyumbani, Dudley alinishika mkono akanipeleka bondeni. Nilisimama, nikashindwa kuelewa ninachokiona. Njia pana ilikuwa imepita katikati ya kichaka, imesawazishwa, imepandwa nyasi. Miti michache mirefu ilikuwa imebaki, lakini chini yake hapakuwa na mwiba hata mmoja. Unaona mpaka ng'ambo ya pili. Katikati palikuwa na benchi jipya, na kando yake duara kubwa jeusi la majivu.

"Unaonaje, shemeji?" Uso wake ulikuwa unang'aa. "Kiti kitaingia mpaka ndani. Atakuwa karibu naye kama mimi na wewe hapa. Miti mikubwa sikuigusa, nimetoa uchafu wa chini tu."

"Uchafu?"

"Ile miiba."

"Dudley, hiyo miiba ndiyo nyumba yake! Anataga chini, anakula chini, anajificha chini. Umemvunjia kuta ukamwachia paa!"

"Lakini si anaimba juu ya mti?"

"Akae wapi, kwenye benchi lako? Miaka yote hii umekuja hapa kufanya nini, kula sandwichi? Mwanamke anakufa, ameomba kitu kimoja, kimoja tu, na wewe umekitia kiberiti!"

Nina sauti kubwa, nikikasirika inazidi. Kule barabarani mpeleka barua alisimamisha gari lake akachungulia. Dudley alichukua reki akaanza kuyasawazisha yale majivu, nami nikamwacha hapo.

Usiku alinifuata jikoni. "Usimwambie," akasema. Kisha akatoa simu mfukoni. "Humu wapo kurumbiza wanaimba. Nimewasikia, ni haohao. Nikiificha mtini..."

"Avis anamjua yule ndege kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Unataka siku zake za mwisho umfanyie mchezo wa kitoto?"

Akairudisha simu mfukoni.

Huenda ndege angekuja kwa mazoea tu. Hilo ndilo tulilobaki nalo. Aprili nzima Dudley alikuwa anashuka bondeni alfajiri, na viatu vya ndani, anarudi suruali imelowa umande. Nilikuwa nautazama uso wake mlangoni, kisha nateleka birika bila kuuliza.

Jioni ya kwanza ya joto ikafika. Dudley alivaa tai. Tulimfunika Avis blanketi, mtungi wa hewa ukaning'inia nyuma ya kiti, mimi nikabeba chai na sandwichi, tukashuka. Kiti hakikuruka hata mara moja. Mimi nilikuwa natembea kando, simtazami ndege wala mti, namtazama dada yangu. Tulipoingia kwenye njia, vidole vyake vilivyokuwa vinachezea pindo la blanketi vilisimama. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia chini ya miti.

"Umeona nilivyokutengenezea?" Dudley akauliza.

"Naona, mpenzi. Pamelala kama meza. Umepata tabu sana na hii kazi."

"Tabu gani!"

Tukakaa. Jua likazama, mwanga ukabaki wa kijivu, na ile saa ya kurumbiza kuimba ikafika. Nimeishi karibu na kichaka kile toka utotoni, lakini kimya cha namna ile sijapata kukisikia. Mara ndege akaanza juu ya tawi, na Dudley akaruka benchini.

"Huyo! Avis, huyo!"

"Huyo ni kifua-chekundu wa bustanini," Avis akasema taratibu. "Lakini mwache, anajitahidi."

Nikamimina chai, hakuna aliyeinywa. Wakati huo niliitamani ile simu. Natamka wazi, nilitamani ingekuwa mtini, tudanganyike wote watatu, twende nyumbani. Baridi ikaanza kupanda miguuni.

"Basi leo hakuna aliyesamehewa," Avis akasema. "Vyombo ni vya sote."

Akacheka, kikohozi kikamkamata, Dudley akamshika mgongo mpaka kikapita.

Nyumbani tulimlaza kwenye kitanda tulichokuwa tumekishusha sebuleni, na Dudley akaenda jikoni kuosha. Avis akaniita kwa kidole.

"Thel. Alikifyeka lini?"

"Ulipokuwa umelazwa."

"Ili kiti kipite."

"Ndiyo."

Alifumba macho, machozi yakatoka hivyohivyo chini ya kope. "Nilikuwa nimejiwekea hicho tu," akasema. "Kulikuwa na maumivu, kulikuwa na yale masindano yao, nikawa najiambia kuna Mei. Hicho tu, Thel."

Nililaza kichwa changu kwenye blanketi lake nikalia kama mtoto, na yeye mgonjwa ndiye aliyekuwa ananipapasa nywele.

"Sikiliza," akasema baadaye. "Usije ukamwambia kwamba ni kwa sababu ya kufyeka. Hajui, masikini. Nikiondoka abaki hivyohivyo hajui. Akijua hatapona. Niahidi."

Ningemjibu nini? Kwamba nilikwishamwambia tangu Machi, kwa sauti iliyofika barabarani?

"Nakuahidi," nikasema.

Jikoni maji yalikuwa bado yanatiririka. Vikombe vitatu na sahani moja, na alikuwa ameviosha kwa muda ambao ungetosha vyombo vya harusi. Mwishowe bomba likafungwa, akaja akasimama mlangoni, mikono ya shati imelowa, macho mekundu.

"Mwakani twende mapema kidogo," akasema. "Nadhani tulichelewa."

"Tulichelewa," Avis akamwitikia, akamnyooshea mkono. "Mwakani tutawahi."

Dudley akainama kumchomekea blanketi pande zote mbili, akilinyoosha mpaka halina kunyanzi. Mimi nikaenda jikoni. Vikombe vilikuwa vimepangwa mstari, safi, vikavu. Nikafungua maji nikaviosha tena.