Nakala ya Dada

Kazini walimwita Kitinda, kwa sababu dada yake mkubwa alikuwa humo humo ofisini, meza ya tatu kutoka dirishani. Na huyo dada ndiye aliyemwambia meneja mbele ya watu, "Mpeni mdogo wangu hiyo kazi. Ataweza." Kitinda akiboronga, basi aibu ni ya wawili.

Kazi yenyewe ilikuwa kujenga programu mwenyeji ya tovuti ya hospitali. Yaani ukurasa mmoja unaokaribisha vipande vya watu mbalimbali: cha miadi kinatengenezwa na timu hii, cha dawa na ile, cha majibu ya maabara na Dada. Kila mtu anakaa na kipande chake kwenye seva yake, anakirekebisha apendavyo, na mwenyeji anakiita pale mgonjwa anapofungua ukurasa. Zamani vyote vilikuwa donge moja. Ukigusa tarehe huku, dawa zinapotea kule.

Sasa, seva ya Dada ilikuwa na vituko vyake. Mara mbili kwenye majaribio ilizima yenyewe, Kitinda roho ikawa juu juu. Jumatatu, bila kumwambia mtu, akachukua kipande cha Dada akakinakili ndani ya mwenyeji. Jamani! Umejenga nyumba ya kupokea wageni, halafu mgeni mmoja unamchora ukutani! Lakini mtu mwenye hofu utamwambia nini.

Jumatano saa nne asubuhi meneja akavuta kiti, aikague kazi. Ukurasa ukafunguka bila tatizo, kila kisanduku mahali pake. Meneja akatabasamu, kisha akakunja uso.

"Mbona tarehe za maabara bado zimegeuzwa, mwezi mbele siku nyuma?" Akamgeukia Dada. "Wewe si uliniambia jana umerekebisha?"

"Nimerekebisha," Dada akasema, ameikodolea macho skrini. "Nimeziona mwenyewe."

"Basi haya ni mazingaombwe."

Kitinda angenyamaza, Dada angeonekana mwongo na yeye angepita salama. Akajikaza kisabuni.

"Amerekebisha kweli. Hiyo ni nakala ya zamani, nimeiweka mimi. Niliogopa seva yake itazima mbele yako."

Akafuta nakala, akaweka anwani ya seva ya Dada, akafungua upya. Na kweli, seva ilikuwa imezima! Kwenye kisanduku pakatokea maneno: Majibu hayapatikani kwa sasa.

"Imekufa?" meneja akauliza.

"Kipande kimoja tu," Kitinda akajibu. "Bonyeza miadi."

Meneja akabonyeza miadi, akabonyeza dawa. Vyote vikafunguka. Dada akaenda mezani kwake akaiwasha seva, na meneja alipofungua upya, majibu yalikuwepo, tarehe zimenyooka, na Kitinda hakuwa amegusa kitu.

"Hiki ndicho nilichotaka kuona," meneja akasema. "Tunaendelea nayo."

Kitinda akamkimbilia dada yake, furaha imemjaa. "Dada, tumepita!"

Dada hakugeuka. "Seva yangu mbovu, najua. Ungeniambia, ningeshinda nayo mpaka ikae sawa. Mimi nilikutetea bila kukukagua. Wewe umeona heri uninakili kuliko kuniuliza."

Machozi yakamlengalenga Kitinda. "Nisamehe, dada yangu."

"Nitakusamehe," Dada akasema, vidole vikiendelea kuandika. "Ila si leo."