Mama Ndani ya Pipa la Picha

Asubuhi ile msanii alikuwa akikwangua vijiti vya plastiki kwenye mikono ya mama yake. Mashine ya kuchapa sanamu haiwezi kujenga kitu hewani. Kila mkono ulioinuliwa hushikiliwa na vijiti, na vijiti hivyo lazima vitolewe kwa kisu. Mama alikuwa mweupe, mrefu kama kidole, na alikuwa wengi: mama ameketi kwenye cherehani, mama anainuka, mama anatembea, mama anashika kitasa, mama yuko nje.

Msanii akawapanga kwa duara ndani ya pipa la mbao nyembamba alilolikata kwa leza. Pipa lilikuwa na mianya ubavuni. Ukilizungusha na kuchungulia, sanamu zote huungana zikawa mtu mmoja anayetembea. Watu walijiburudisha hivyo kabla ya sinema kuja, kisha wakachoka nalo, na sasa wasanii wamelifufua na kuliita jambo jipya.

Akalizungusha. Mama akainuka, akaenda mlangoni, akavuta kitasa. Mlango haukufunguka. Akaupiga kwa kiganja, kisha akarudi kuketi.

Msanii alidhani amekosea mpangilio. Ni kosa la kawaida. Sanamu moja ikiruka zamu yake, mwendo wote huharibika. Akalisimamisha pipa. Mama wa mwisho alikuwa nje, vilevile alivyochapwa. Akalizungusha tena, na mama akaupiga mlango tena.

Baba yake akaja, akavaa miwani, akachungulia.

"Kakonda," akasema.

"Baba, mimi nilimchora akitoka."

"Walifungiwa kwa nje, mwanangu. Wewe utamtoaje?"

Baada ya moto uliomuua mama na wenzake kwenye kiwanda cha nguo, mwenye kiwanda alisema mlango ulikuwa wazi, ila wafanyakazi walichanganyikiwa kwa woga. Maneno yake yakakubaliwa, watu wakazika. Mdogo wake msanii akapewa nafasi ya mama kwenye cherehani, na hiyo ikahesabiwa kuwa ni fadhila.

"Acha ile kazi," msanii alimwambia.

"Halafu tule nini, dada?"

Msanii akachapa ufunguo, akaubandika sakafuni mwa pipa. Mama akauokota, akaujaribu, akaurudisha pale alipoutoa. Haukuingia. Msanii aliumia, lakini kwa mbali, kama jino lililopigwa ganzi.

Kwenye maonyesho, mgeni rasmi alikuwa mwenye kiwanda, kwa kuwa ndiye mfadhili wa ukumbi. Akainama, akachungulia. Mama akauacha mlango, akamgeukia, akanyoosha mkono.

"Huyu anataka nini?"

"Ufunguo," msanii akasema.

Mwenye kiwanda akapapasa mfuko wa koti, funguo zikalia. "Siwezi kuacha wazi, mama," akasema kwa upole, mdomo karibu na mwanya. "Hata siku ile sikuweza. Mngetoka na vitambaa vyangu."

Waliosimama karibu walisikia. Mmoja akaomba maji ya kunywa. Mpiga picha akamwomba mgeni rasmi asogee kidogo kwenye mwanga. Naye akasogea, akausifu ufundi wa vile vidole vidogo, akalinunua pipa palepale.

Sasa liko mapokezi kiwandani, na mota ndogo hulizungusha mchana kutwa. Wafanyakazi wamezoea. Wanaowahi kufika humwamkia mama. Wanaochelewa humpungia mkono tu na kupita. Mdogo wake msanii hachelewi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

Mama humwonyesha mlango kwa kidole. Binti huitikia kwa kichwa, huingia, huketi kwenye cherehani na kupitisha uzi. Mlinzi hungoja wa mwisho aingie, hufunga kwa nje, kisha huvuta kitasa kidogo kuhakikisha kimeshika.